Mke Mwenza Mwenye Ngazi

Nawategea, mnitegulie: mke mwenza asiyepika, asiyeosha sahani, asiyejua hata jina la mume, lakini kila Jumamosi mchana anamchukua. Msijisumbue sana. Émilienne mwenyewe, ambaye vitendawili ndio ulikuwa ufundi wake pale mjini Baraka, kando ya ziwa, alimaliza wiki tatu kabla ya kumjua.

Watu walimwita Mama Fanny, kwa jina la binti yake. Mume wake ni Alphonse, mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, mtu mrefu wa mikono mikubwa. Vita ya kwanza ilipofika, walikimbia kwa miguu pamoja na wengine, wakifuata barabara ya Kazimia, na karibu na kufika wakampoteza Henri, mdogo wake Alphonse. Risasi ilimkuta amejitwika godoro. Baadaye kukatulia, watu wakarudi, wakaezeka nyumba upya. Hiyo ni mwanzoni mwa mwaka wa 1997, vita ya pili ikiwa bado haijafika. Alphonse alirudi na mikono yake, na wavu wake uliochanika. Kicheko hakurudi nacho.

Na kicheko kile kilikuwa mali ya Émilienne. Alikipata kwa kitendawili. Siku za uchumba Alphonse alikuja kwao Kazimia na wavu begani, naye msichana akamtega: mwili mzima matobo, lakini analisha kijiji. Mvuvi, na wavu wake begani, akakuna kichwa akasema ameshindwa. Sheria mnaijua: ukishindwa unatoa mji. Akatoa Fizi, Émilienne akakataa, kule milimani baridi. Akatoa Uvira, akakataa, ni mbali na mama. Mwishowe akatoa Kazimia, na wote wawili wakacheka mpaka baba mkwe akakohoa ndani ya nyumba. Tangu hapo ikawa hivyo, mwaka kwa mwaka. Anashindwa kwa makusudi, anazunguka miji yote, anampa Kazimia, wanacheka.

Waliporudi Baraka, Émilienne alijaribu kila jioni, sahani ya bukari ikiwa katikati yao. Alitega vya zamani, akatunga vipya. Alphonse alimeza tonge, akasema hajui. Akiambiwa atoe mji, atoe Kazimia basi kama kawaida, alinawa mikono akatoka nje. Émilienne akajisemea kwamba vitendawili vyake vimechacha, kama mboga ya sombe ya juzi.

Ndipo Darius, mchuuzi, akavusha ziwani televisheni ndogo, mashine ya umeme na kaseti mbili. Askari walikataza taa usiku, kwa hiyo alionyesha sinema mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jumamosi ya kwanza Alphonse alioga, akavaa shati ya kanisa, akatoka bila kusema. Ya pili vilevile. Ya tatu, Solange wa jirani alimkuta Émilienne anageuza ndagala juani, akasimama kando yake kama mtu aliyeficha kitu mdomoni.

“Mama Fanny, ulimulisha nini Baba Fanny? Iko kule kwa Darius, anacheka mpaka anashika ukuta.”

Émilienne aliendelea kugeuza, ila sasa aligeuza ndagala zile zile mara mbili. Akauliza polepole, anacheka na nani. Solange akajibu kwamba ni na muntu munene mwenye ngazi.

Aliwaachia kunguru ndagala zake. Alipofika kwenye ukuta wa Darius alisikia vicheko vya watu arobaini, na kati ya hivyo akakitambua kimoja, kile kinachoanza kama kikohozi kisha kinamwagika kama mihogo kutoka gunia. Kifua chake kikawaka. Angesikia kwamba mume wake ana mwanamke kule Mboko, asingewaka hivyo. Mwanamke angemtafuta wagombane. Huyu angemtafuta wapi?

Akaingia, akakaa nyuma, akaapa hatacheka. Ilikuwa sinema ya zamani, nyeupe na nyeusi tupu, watu wanatembea mbiombio na hawasemi. Mnene amevaa koti linalombana, amebeba ngazi begani. Akiitwa huku, anageuka, ngazi inampiga mpishi. Akiitwa kule, inampiga mkuu wa polisi. Ndoo ya chokaa ikamvaa kichwani. Émilienne alimkagua kama unavyomkagua mke mwenza siku anapoletwa: tumbo lile, koti lile, hana neno hata moja. Mimi nasugua akili mwaka mzima, akawaza, huyu anavaa ndoo tu!

Kisha mnene akateleza juu ya paa. Akaanguka, akalala chini kimya. Mbele kule Alphonse alishika benchi kwa mikono yote miwili, mabega yakapanda. Mnene akaamka, akajipangusa koti. Hapo ndipo Alphonse alipopasuka, akacheka, machozi yanamtoka.

Nyumbani Émilienne hakungoja hata avue shati.

“Mi nakutegea tangu turudi. Hata jino moja haunionyeshe. Ule muntu wa ngazi alikufanyia nini?”

Alphonse alichukua wavu wake na sindano, akakaa, akashona matundu kama manne. Kisha akasema, “We unaniombaka Kazimia.”

“Tangu zamani unanipatiaka.”

“Nikitaka kusema Kazimia, namuona Henri na lile godoro. Ule munene anaanguka, anaamka. Kila Jumamosi anaamka. Tangu vita, sijaona mwingine.”

Émilienne akakaa chini kwenye mkeka. Kumbe mwaka mzima alikuwa anamwomba barabara ile, jioni baada ya jioni, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Aibu ilimfunika uso. Lakini wivu nao haukuondoka. Ulisogea tu pembeni ukakaa, kama mgeni anayejua kwamba chakula bado.

Akajisogeza karibu na wavu.

“Basi, muji sitaki tena,” akasema. “Kwangu sasa mwenye kushindwa anaanguka. Kama huyo muntu wako.” Akakohoa kidogo. “Mwili muzima matobo, lakini inalishaka kijiji.”

Alphonse alitazama wavu uliokuwa magotini pake. Akatazama mbingu. Akauliza kama ni ndoo mbovu. Si yenyewe. Akauliza kama ni shati yake ya kanisa. Si yenyewe.

“Nimeshindwa,” akasema.

Akasimama, akaweka begani ngazi isiyokuwepo, akageuka huku, akageuka kule, miguu ikapanda juu, akaanguka chali juu ya wavu. Akalala. Akalala muda, mpaka Émilienne akainuka nusu, mkono kifuani. Ndipo Alphonse akaamka, akajipangusa koti asilokuwa nalo.

Émilienne ndiye aliyecheka kwanza. Kikohozi kile kikafuata, na mihogo ikamwagika, hata Solange akachungulia juu ya ua.

Jumamosi Alphonse alioga tena, akavaa shati ya kanisa. Émilienne naye akavaa kitenge cha Pasaka, akakaa naye benchi ya mbele, hakumwondolea mnene jicho mwanzo hadi mwisho. Wakitoka, Alphonse akasema kwamba leo yule bwana ameanguka vizuri.

“We unaangukaka muzuri kumupita,” mke akajibu, akatangulia mbele.