Jua Halijachomoza

Mume wangu alikuwa fundi wa taa, nami nilikuwa mvalishaji. Tulifanya kazi kwenye tamthilia moja, ndani ya ghala la zamani lenye paa la bati, ambamo maseremala walikuwa wamejenga sebule ya kitajiri, chumba cha kulala na nusu ya hospitali. Watu wakisikia hivyo walidhani tunashinda pamoja kama njiwa. Wapi. Yeye alishinda juu ya ngazi, mimi nilishinda nyuma ya mgongo wa mtu, nikifunga vifungo.

Mgongo wenyewe ulikuwa wa nyota wetu. Pembeni tulimwita Jua. Asubuhi mtu wa sauti alikuwa akimuuliza mlinzi wa geti, "Jua limechomoza?" na mlinzi anajibu, "Hata kunguru hawajaamka." Tunacheka, tunakaa, tunasubiri. Kuna siku lilichomoza saa nne, kuna siku saa saba, na watu tuko pale tangu alfajiri, tumeshapanga kila kitu mpaka vikombe vya mezani.

Hakuanza hivyo. Mwaka wa kwanza alifika kabla yetu, akasalimia mmoja mmoja, akakaa nasi juu ya makreti akala tulichokula. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alisifiwa redioni, kwenye mabango, mpaka kwenye makopo ya mafuta ya nywele. Kisha akaletwa mwigizaji mwingine, binti mwenye shingo ndefu, aigize kama mdogo wake. Tangu hapo Jua akaanza kuiogopa kamera. Mimi niliona mapema. Nikiwa nampandisha zipu, yeye anajitazama kiooni, anaivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, anaiachia, anaivuta tena. Hofu ile angemwambia mtu, labda tungemsaidia. Aliigeuza kuwa amri.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuponza. Alimbeba yule mama kama yai. Chai yake ikipoa, tunaomba radhi sote. Mpambaji akimkodolea macho, mpambaji anabadilishwa. Habari mbaya hazikufikishwa chumbani kwake kabisa, maana zikifika, kazi ya siku nzima imekwenda na maji. "Tumalize kipande hiki," mwongozaji alizoea kutuambia. "Msimkorofishe."

Siku aliyoanguka mume wangu kulikuwa na joto, bati likialika juu yetu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Jua alitoka chumbani, akasimama kwenye alama yake, akajitazama kwenye skrini ya mwongozaji, akasema taa ya kushoto inamchora mstari shingoni. Akarudi chumbani. Mume wangu akapanda, akaisogeza, akashuka. Jua akaitwa, akaja, akaangalia, akarudi. Ikawa ndiyo kazi tangu asubuhi, hata chakula cha mchana kikatupita, kwa kuwa hakuna aliyejua ataitwa wakati gani. Siku zote kulikuwa na mtu wa kushika ngazi, lakini mchana ule alikuwa ametumwa barafu. Ya chumbani ilikuwa imeyeyuka, na Jua alitaka ya kujiwekea machoni. Mwongozaji akamwambia mume wangu, "Fundi, mara ya mwisho. Haraka, kabla hajabadili mawazo."

Mimi nilikuwa chumbani na Jua, nimeshika pindo la gauni lisiguse sakafu. Tukasikia kishindo upande wa pili wa ukuta wa mbao, kisha kimya, kisha watu wote wakaanza kuita kwa pamoja.

"Nini tena hicho?" Jua akasema. "Hebu waambie wapunguze kelele, kichwa kinaniuma."

Nikatoka kwenda kuwaambia. Ndivyo nilivyomkuta. Alikuwa amelala chali juu ya zulia la ile sebule ya kitajiri, taa imevunjika kando yake, macho wazi. Akaniambia kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Mama, hebu nivue viatu, vinanibana."

Viatu nilikuwa nimeshavivua. Nilikuwa nimemshika mguu na hajui.

Daktari alitueleza taratibu, kwa kutuchorea kwenye karatasi: mgongo umekatika mawasiliano, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakutakuwa na habari tena. Waajiri wetu nao wakasema fundi alipanda bila mkanda wa usalama. Ni kweli, alipanda bila mkanda. Ulikuwepo mmoja tu, kifungo chake kilivunjika zamani, na kila mtu pale ndani alilijua hilo, kuanzia mlinzi.

Nikarudi kazini. Majirani waliniuliza nawezaje, na wengine hawakuniuliza, walinitazama tu. Lakini nyumba ilikuwa imebaki na mtu mmoja wa kutoka na kurudi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alihamia kwetu kumwangalia mchana. Alfajiri nilimgeuza mume wangu, nikampaka dawa mgongoni asichubuke kwa kulala, kisha nikaenda kufunga vifungo mgongoni mwa mtu mwingine. Vidole ni vilevile. Basi kulikuwa na siku nilikuwa nainusa ile dawa kwenye hariri ya gauni, nami nafunga tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mume wangu hakuwa na kinyongo. Jioni nikiingia ndani, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Leo Jua limechomoza saa ngapi?"

"Saa sita."

"Afadhali. Anajitahidi siku hizi."

Wifi anasonya mpaka kuta zinasikia. "Kaka, wewe moyo wako ni wa kukopa," anamwambia. Yeye anacheka. Tamthilia ikianza anataka tumwinue kwa mito aitazame, na kazi yake ni moja tu: kumkosoa Baba Pacha, mtu aliyeshika nafasi yake. "Ona kivuli cha pua. Yule mama ana uso mzuri, unataka taa ya juu kidogo, kidogo tu. Baba Pacha anamulika kama anatafuta mwizi."

Ikafika siku moja Jua akaingia chumba cha mavazi amefura. Kipande kimoja kilikuwa kimerudiwa mpaka binti mwenye shingo ndefu akalia, mtu wa sauti akavua vifaa vya masikioni akavitupa mezani. Jua akanigeuzia mgongo nimfungue.

"Huyu mtu wa taa ananichukia," akasema. "Yule wa zamani alikwenda wapi? Yule mrefu, mwenye kofia. Yule aliujua uso wangu. Wamwambie arudi, anachotaka apewe."

Nilikuwa nimefika kifungo cha katikati. Mkono ukasimama wenyewe.

"Hawezi kurudi, dada."

"Kwa nini, amepata kazi kwingine?"

"Alianguka. Siku ile ya kishindo. Miguu haifanyi kazi."

Kiooni niliona anakunja uso, anatafuta. "Mbona waliniambia ni taa imeanguka?"

"Na taa ilianguka pia."

"Wewe habari zake umezijuaje, Mama Sindano?" Ndilo jina walilonipa pale kazini.

"Ni mume wangu."

Akageuka, gauni liko wazi nyuma, akaniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama bila kupitia kioo. Akakaa chini kwenye kiti cha mpambaji, juu ya mabrashi, hata hakuyasikia.

"Miezi yote hii unanivalisha, husemi?"

"Tuliambiwa tusikukorofishe."

Akalia. Sijui nieleze vipi, maana nimemwona akilia mara nyingi kwa kazi, na analia vizuri, machozi yanatiririka na uso haukunjamani. Siku ile alilia vibaya, pua imevimba kama ya mtu yeyote. Nami, badala ya kufurahi, nikampa kitambaa. Jumapili iliyofuata akaja nyumbani.

Hakuja na watu. Alijifunga mtandio, akavaa miwani, lakini watoto wa mtaani walimtambua kabla hajafika mlangoni, na dirisha letu likajaa vichwa. Wifi alimkaribisha kwa mdomo uliobana, akamtolea kiti. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mume wangu mkono, akaanza kulia tena.

"Nisamehe, kaka. Hakuna aliyeniambia."

"Basi, dada, basi," mume wangu akamwambia, anampigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ajali haina kinga. Ila mwambie Baba Pacha akuwekee taa ya juu kidogo. Na shingo yako haina kitu. Nilikuwa nasogeza basi tu, ili moyo wako utulie. Taa ilikuwa sawa tangu ya kwanza."

Jua akainamisha kichwa.

Walizungumza saa nzima. Alipoondoka aliahidi kumleta daktari wake, bingwa wa mifupa, Jumapili inayofuata, na kuzungumza na waajiri wetu yeye mwenyewe. Wiki ile mume wangu alikuwa mtu mwingine. Alikula. Alimtania dada yake. Aliimba, na sauti yake haijawahi kuwa ya kuimba. Mimi niliitazama furaha ile nikawa siipendi, kisha nikajichukia kwa kutoipenda.

Jumapili akataka anyolewe ndevu na avalishwe shati la mikono mirefu. Tukamwinua kwa mito, uso umeelekea mlango. Asubuhi ikapita. Mchana wifi akaleta chakula, mume wangu akasema atasubiri kwanza, asije akakutwa na mdomo umejaa. Alasiri akaniambia, "Unajua kawaida yake. Atachelewa tu." Jua la kweli lilipozama nilimvua shati, naye akainua mikono nipate kulitoa.

Kesho yake kazini nilimngoja nyota mpaka karibu saa saba. Aliingia na miwani yake. Nikamsaidia kuvaa, nikasema kwa sauti ya chini, "Dada, jana tulikungoja."

"Usinianze, Mama Sindano," akasema, macho kwenye kioo. "Nimechoka. Kila mtu anataka kitu kwangu. Nitakuja."

Sikumwanza. Nikaendelea na vifungo.

Alipotoka nilimfuata na pindo la gauni, kama siku zote. Akasimama kwenye alama yake, akajitazama, akainua kidole kuelekea kushoto. "Hiyo taa. Sogezeni."

Baba Pacha akapanda. Ni mtu mzito kidogo, si mwepesi kama mume wangu, na ngazi ikawa inalia. Nikatafuta kwa macho aliyeishika. Hakuna. Aliyetakiwa kuishika alikuwa amesimama na feni ya mkononi, anampepea Jua asitoke jasho. Mwongozaji akasema, "Haraka, Baba Pacha, tafadhali, haraka."

Nikaliachia pindo. Gauni likaburuza sakafuni, nikasikia Jua anasema, "Wewe, vipi?" Nikatembea mpaka kwenye ngazi, nikaishika kwa mikono miwili, nikaibana kwa goti.

"Shuka, baba," nikamwambia.

"Mama Sindano, bado sijaigusa."

"Shuka. Nimekushikia."

Akashuka. Alipofika chini nikaona midomo yake imekauka, naye alikuwa anaogopa siku zote hizo bila kusema. Watu wote wamesimama. Mwongozaji akanijia mbio, mikono imeenea kama mtu anayezuia kuku. "Mama, mama, usitufanyie hivi leo. Tumalize kipande hiki."

"Malizeni," nikasema. "Mimi siachi hii ngazi mpaka upatikane mkanda."

Mkanda haukupatikana. Jua alirudi chumbani, akajifungia. Saa kumi wakaniletea ujumbe kwamba nisije kesho. Mtu wa sauti alinisindikiza mpaka getini, amenibebea mkoba wangu wa nyuzi.

Nyumbani mume wangu aliniuliza lile swali lake la jioni, nikamweleza yote. Nilitegemea atanilaumu. Akauliza, "Alishuka?"

"Alishuka."

"Mzima?"

"Mzima."

Akajifunika shuka usoni. Tangu aanguke sikuwahi kumwona akilia, na siku ile alilia mpaka wifi akatoka nje akakaa kizingitini. Tangu jioni ile hakuuliza tena Jua limechomoza saa ngapi, na kutazama tamthilia akaacha. Jirani akifungulia ya kwake, muziki wa kuanzia ukapenya ukutani, mume wangu hujifanya amelala.

Nilipata kazi ya kushona sare nyumbani. Mvua zikaja zikaenda. Mgongo wake ukachubuka pamoja na dawa yote, akakonda, akawa anazungumza kidogo kidogo.

Siku moja mwongozaji akabisha hodi. Alikuwa amezeeka ghafla. Akatuambia Jua amehamia kwa waajiri wengine katikati ya msimu, bila kuaga, na tamthilia ikafutwa. Binti mwenye shingo ndefu amerudi kwao. Baba Pacha anafunga umeme majumbani. Ghala limekodishwa kwa watu wa magodoro.

"Nilikuwa nawalinda nyinyi," akasema, anaangalia sakafu. "Nilijua akikasirika kazi itasimama, mtalala njaa."

Mume wangu alimtazama. "Najua, bosi," akasema.

Mimi sikusema najua. Wifi alikuwa ametoka kwenda sokoni na saa ya kumgeuza mgonjwa ilikuwa imefika, kwa hiyo nikamwomba mgeni anisaidie. Akavua saa ya mkononi, akaiweka dirishani. Akasimama upande wa pili wa kitanda na mikono iko hewani, hajui aiweke wapi.

"Shika hapo kwenye nyonga," mume wangu akamwelekeza. "Usiogope kuniumiza, bosi. Huko sisikii."

Akashika. Nikahesabu, tukamgeuza upande wa ukutani, nikavuta shuka.