Matairi ya Rangi ya Maziwa

Jovitha alishuka kwenye pikipiki akiwa amekwisha kukasirika. Hasira hiyo alitoka nayo Nyakanazi, pale njia panda alipo na kibanda chake cha chakula, baada ya jirani kumpigia simu kumpa pole ya mama yake kuvunjika mguu. Pole ya nini? Yeye hakuwa na habari. Mama amekwisha kufungwa plasta, amekwisha kurudishwa nyumbani, kijiji kizima cha Ntobeye kimekwisha kwenda kumtazama, na mdogo wake Clever anayeishi na mama nyumba moja hakupiga simu wala kutuma ujumbe. Safari nzima Jovitha aliipika hasira hiyo, na alipofika uwanjani kwao ilikuwa imeiva.

"Shikamoo dada," Clever alisema, akinyoosha mikono kupokea mfuko.

Jovitha alimpa mfuko, marahaba hakumpa. Mwanaume mzima mwenye ndevu, mbebaji ndizi anayejulikana mlima mzima, kunyimwa marahaba na dada yake mbele ya dereva wa pikipiki si jambo dogo. Clever alitazama chini akatangulia ndani.

Mama yao, Avelina, alikuwa amewekewa kitanda sebuleni. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya mto, plasta imeupanda hadi gotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja bila kutuarifu."

"Kwani mimi niliarifiwa?"

Jovitha akamgeukia Clever. "Haya. Imekuwaje?"

"Aliteleza jikoni," Clever alisema. "Mvua ilinyesha, maji yakaingia ndani, mama akateleza."

Alisema haraka, kama mtoto anayetoa shairi la shule. Mama naye aliutazama ukuta. Jovitha alidhani ni maumivu, akaacha kuuliza. Lakini macho yake hayakutulia, na ndipo yalipoangukia kwenye baiskeli.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya marehemu baba yao, Privatus. Chuma kizito cheusi cha zamani. Baada ya msiba ndugu walitaka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jovitha akagoma, akaipakia kwenye lori mpaka Nyakanazi kwa Bulugu, fundi wa Kisukuma anayewapambia vijana baiskeli zao kwa vioo na riboni. Bulugu aliinyoosha, akaipaka rangi, akaagiza Mwanza matairi ya mtindo wa zamani: rangi ya maziwa, ubavuni kahawia. Akaondoa na madigadi ili matairi yaonekane vizuri. Ilipokamilika, watu wa stendi waliacha chakula mezani wakaja kuitazama.

Bulugu aliuliza jambo moja tu. "Dada, vyuma vya breki vimeoza. Niweke vipya?"

"Vya nini? Hii itakaa sebuleni."

"Basi mtu asiikanyage," Bulugu alisema. "Akiikanyaga, haitatakata tena."

Kukanyaga maana yake watu wa Ngara wanaijua. Wabeba ndizi wa milima ile wengi wao breki ni mguu. Mteremko ukiwa mkali, mtu hubana soli ya katambuga kwenye tairi la nyuma mpaka raba itoe harufu. Kwenye tairi jeusi hakuna anayeona kitu. Kwenye tairi la rangi ya maziwa, hata mgeni ataona.

Jovitha aliirudisha Ntobeye, akaisimamisha kwenye kona ya sebule, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma cha mama chenye maua, akatoa amri: isiguswe. Clever aliapa. Wageni wakifika ilifunuliwa waitazame, halafu ikafunikwa tena, kama mwali.

Sasa kitambaa kilikuwa kimegeuzwa, maua yametazama ndani. Jovitha hawezi kuvumilia kitambaa kilichogeuzwa. Alikwenda kukiweka sawa, akakivuta, na akaona.

Tairi la nyuma lilikuwa na mstari mweusi. Ulianza mahali, ukazunguka gurudumu lote, ukarudi pale pale, mpana sawa na soli ya katambuga.

"Clever."

"Naam dada."

"Hii nini?"

Jovitha akikasirika kikweli huacha Kihangaza cha nyumbani na kuingia Kiswahili cha stendi, kile anachowasemeshea makondakta wanaokula bila kulipa. Siku hiyo alianza nacho moja kwa moja.

"Nakuuliza, hii nini? Uliapa hapa! Uliapa kwa kaburi la baba, udongo bado mbichi!"

"Nilibeba ndizi, dada," Clever alisema. "Ya kwangu ilipasuka tyubu. Nimekosa, nisamehe."

Alikubali upesi mno. Jovitha anamjua mdogo wake tangu akimbeba mgongoni: Clever hakubali kosa mpaka akabwe. Akiiba sukari na sukari iko mdomoni, atasema ni mchanga. Leo anaomba msamaha kabla hajafokewa vizuri? Jovitha alipiga magoti, akalizungusha lile gurudumu taratibu, akalitazama spoku kwa spoku. Karibu na keria, kwenye mizizi ya spoku, alikuta nyuzi zimejisokota. Akazichomoa. Zilikuwa za kijani, na kati yake kipande kidogo cha nguo chenye bawa la ndege wa njano.

Kitenge hicho alikinunua mwenyewe, akampa mama siku ya Krismasi.

Alisimama, akamnyooshea Clever zile nyuzi mpaka puani. "Ndizi siku hizi zinavaa kitenge?"

Clever alikaa chini pale pale mlangoni.

"Nilikuwa nampeleka zahanati," alisema. "Siku yake ya kupima presha. Nilimkalisha kwenye keria nikamsukuma, vizuri tu, mpaka pale juu mteremko unapoanzia." Akamtazama mama, akameza mate. "Halafu nikapanda."

"Ukapanda."

"Nilipanda, dada."

Mgonjwa kwenye keria husukumwa. Mzee husukumwa. Msukumaji anatembea kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umemshika mtu asidondoke, na mteremko ule wote hushukwa hatua kwa hatua hata kama jua linachoma. Hakuna mtu wa Ntobeye asiyejua hivyo.

"Hata mlevi husukumwa!" alifoka. "Mlevi aliyejitapikia, watu wanamsukuma mpaka kwao! Wewe mama yako mzazi, mwenye presha, unampandisha kwenye baiskeli isiyo na breki unamporomosha kama mkungu wa ndizi! Halafu unakuja kuniambia jikoni, mvua, maji! Mnyama wewe!"

"Jovitha," mama aliita.

"Subiri mama. Leo nasema mimi." Alikuwa akizunguka sebule sasa, akigonga meza, akigonga ukuta. "Mama anaondoka na mimi leo hii. Anakwenda kukaa Nyakanazi, nimtunze kwa macho yangu. Na wewe funga virago vyako. Shamba nitamkodishia Evaristi wa jirani, nyumba nitaitia kufuli. Nenda ukatafute wa kumuua huko mbele ya safari."

Clever hakujitetea. Alikaa tu ameinamisha kichwa, na ukimya wake ukamtia dada yake wazimu.

"Sema kitu basi!"

"Hatasema," mama alisema. "Nimemwapisha mimi. Na huyu akiapa, anapoamua, anaweza kukitunza kiapo."

Alikuwa amejiinua kwa viwiko. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile cha Jovitha, na Jovitha akashtuka, maana mama hukitumia kwa watu wa serikali tu.

"Unamfokea huyu kwamba amepanda. Nani alimwambia apande? Mimi. Alikataa. Nikamwambia panda, au niteremke nirudi nyumbani na hiyo presha yenu. Akapanda."

"Mama, kwa nini?"

"Usiniulize kwa sauti hiyo. Mimi si mpishi wako." Mama alivuta pumzi. Macho yalikuwa makavu na makali. "Mlima ule nimeushuka tangu nilipoolewa. Kila siku ya soko baba yako alipanda hiyo baiskeli, akaachia, anapiga kengele mpaka chini. Mimi nilikuja nyuma kwa miguu, mkungu kichwani, wewe mgongoni. Nikifika, yeye amekwisha kunywa, amekwisha kupumzika, ananiuliza mbona nimechelewa. Miaka yote hiyo! Siku moja tu nilimwomba anipakie. Akacheka. Alisema keria ni ya mzigo."

Jovitha hakuwahi kulisikia hilo. Baba aliyemjua yeye alikuwa mtu wa kumletea mandazi kutoka sokoni.

"Akafa. Nikasema, sasa baiskeli itakuwa yangu. Wewe ukaichukua. Ukaileta imevaa viatu vyeupe, ukaisimamisha hapo, ukaifunika kwa kitambaa changu mwenyewe, ukasema isiguswe. Nikawa nafuta vumbi. Mume amekufa, na baiskeli yake bado ananinyima."

"Mama, ungekufa!"

"Ningekufa ninacheka! Muulize huyu kama sikucheka. Nilicheka mpaka leso ikaruka. Tulipita kwa Magdalena akadhani nimepandwa na mashetani." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, akaukatalia. "Tulipofika kwenye kona, kitenge kikaingia kwenye spoku. Kitenge, si Clever. Yeye alikanyaga hilo tairi mpaka katambuga ikatoa moshi. Angekuwa na breki tungesimama. Lakini Jovitha, wewe uliweka matairi, hukuweka breki."

Jovitha alimwona Bulugu akilini, spana mkononi, akiuliza, na akajisikia mwenyewe akijibu.

"Sasa umekuja," mama aliendelea, na hapo sauti yake ikapanda kweli. "Umesema naondoka leo. Umeniuliza? Umenitazama hata usoni? Unataka kunipakia kama ulivyoipakia hiyo baiskeli. Unifute, univishe, unisimamishe kwenye sebule yako wageni waje kunitazama, na amri juu yake kwamba nisiguswe. Siendi! Nyumba hii ni yangu na huyu ni mwanangu, anakaa. Ukirudi Nyakanazi mwambie fundi wako alete breki. Mguu huu ukipona nashuka tena, na safari hiyo kitenge nitakifunga kiunoni."

Alijilaza, akageukia ukuta, akihema.

Jovitha alibaki katikati ya sebule na hasira yake yote mikononi, haina pa kuiweka. Alikuwa amemkasirikia Clever, sasa alimkasirikia mama, na chini kabisa kulikuwa na mtu mwingine wa kukasirikiwa ambaye hakutaka kumtazama. Alitoka nje, akarudi na beseni, sabuni na kitambaa chakavu. Alipiga magoti mbele ya baiskeli akaanza kuusugua ule mstari. Aliusugua kama anavyosugua masufuria ya kibandani jioni, kwa mabega na mgongo, meno ameyauma. Maji yalitiririka meusi sakafuni. Mstari haukutoka. Clever alisimama mlangoni, hajui kama afunge virago au amsaidie.

"Jovitha," mama alisema bila kugeuka.

Jovitha hakuacha.

"Nasema acha. Iache hiyo alama. Ni yangu."

Mkono ulisimama. Kitambaa kikabaki kinadondosha maji juu ya goti lake.

"Na mdogo wako alikuamkia," mama alisema.

Jovitha alikikamua kitambaa, akakitupa ndani ya beseni, akanyanyua uso akamtazama Clever kwa macho mekundu.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya mtu anayetukana.