Mpigieni Shavu Makofi

Fundi wa bodi akiligonga gari, hagongi kwa hasira. Hilo watu hawalijui. Wanaona nyundo inapanda na kushuka, wanasikia makelele, wanadhani pale kuna ugomvi kati ya mtu na mlango wa gari. Kumbe mkono wa pili uko upande wa ndani umeshika kipande cha chuma, unakinga pigo, bati linyooke lisitoboke. Ukipiga bila kukinga umeharibu, na mwenye gari atakutukania ukoo. Huyu ninayemsimulia, ambaye gereji nzima walimwita Bodi tu, alikuwa hodari wa kukinga kuliko wote. Mikono yake ilikuwa mipana kama sinia, na hakuna aliyewahi kuiona ikimgusa mtu.

Ila usije ukadhani alizaliwa mpole. Alipokuwa shule wenzake walikuwa wanapanga foleni, kila mmoja anamzaba kofi shavu la kushoto, kisha wanacheka mpaka wanakaa chini, yote hayo kwa sababu ya kazi ya baba yake. Siku moja akamvizia mmoja wao nyuma ya vyoo. Alimpiga mpaka uso ukavimba macho yakapotea, akaendelea kumpiga, na walimu wawili walimtoa pale kwa kumburuta. Baba yake alipopata habari hakugomba. Alimkalisha kitandani, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Katika nyumba hii makofi yameshatosha. Ninayokula mimi yanatosha ukoo mzima. Siku ukinyanyua mkono tena ukampiga mtu, mimi si baba yako. Hata ukiniita sitakusikia." Bodi akaapa, na kiapo kile akakishika kama anavyoshika kile chuma chake.

Na baba yake alikuwa nani? Alikuwa Shavu. Yule yule Shavu wa *Meno Nje*, ile michezo mifupi ya kuchekesha ya televisheni ambayo watu wamekua nayo, wameoa nayo na kupata wajukuu nayo. Katika *Meno Nje* wasanii wameingia na kutoka, lakini kwa miaka ishirini na kitu mchezo wa mwisho ulikuwa mmoja: Shavu anafanya kosa la kijinga, Afande anatokea na kofia yake, anauliza, "Nani katoa amri?" Hakuna anayejibu. Afande anasema, "Basi natoa mimi, na amri ni amri," kisha pwaa. Shavu anazunguka kama pia, anaanguka, anainuka, anaomba radhi kwa ukuta.

Ile pwaa ilitakiwa iwe ya uongo. Afande apitishe mkono hewani, na mtu nyuma ya pazia agonganishe viganja vyake. Walifanya hivyo wiki za mwanzo. Halafu siku moja Afande akakosea kipimo, kofi likafika, na ukumbi ukacheka kuliko siku zote. Basi ndiyo ikawa. Kila wiki mtu wa pazia anakuja, anakaa, hana kazi. Bodi alipokuwa mtoto alizoea kumkuta baba yake sebuleni na kitambaa cha maji baridi shavuni, televisheni imezimwa. Sikio la kushoto la mzee lilianza kwa kulia lenyewe kama birika, halafu likanyamaza kabisa.

Mzee hakulia wala hakushtaki. Alitafuta hata faida ndani yake. Mtu anayempenda alimgeuzia sikio la kulia. Mwenye maneno ya kuchosha, jirani mmbea au shemeji mlalamishi, alimgeuzia lile la kushoto, akatabasamu, akawa anatikisa kichwa huku hasikii hata neno. Nyumbani wote waliijua alama hiyo. Ukigeuziwa la kushoto, ujue umeshafukuzwa na hujui.

Sasa gerejini hakuna aliyejua haya. Bodi alificha. Alikuwa ameshapigwa makofi ya kutosha kwa ajili ya jina lile, na alijijua: likija la utani tu, mkono wake hautauliza kama ni utani.

Ubishi ulizuka siku kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba Jumamosi kitamtuza msanii bora kuliko wote waliowahi kupita *Meno Nje*. Toka hapo kazi zikawa zinafanywa kwa mkono mmoja.

"Afande," alisema Rangi, yule mpiga rangi, kijana mwembamba mwenye mdomo usiolala. "Hakuna mjadala. Bila mkono wa Afande, Shavu ni nyama tu imesimama."

Umeme, fundi wa nyaya, alitoa kichwa chini ya dashibodi. "Bora ni Bibi Mdomo. Yule mama anachekesha hata akifunga mdomo."

"Alifunga lini?"

Mama Gereji, mwenye gereji yake, mjane aliyerithi spana za mumewe na kuzijua kuliko marehemu, aliweka miwani juu ya paji la uso. "Mimi wangu ni Shavu. Kupiga hata punda anapiga. Nionyesheni mwingine anayeanguka vizuri vile, halafu akainuka."

"Mama yangu, ngoma haisifiwi. Anasifiwa mpigaji."

"Ngoma ikiwa mbovu huyo mpigaji atatoa nini? Harufu?"

Rangi akaanzisha na mchezo. Kila anayemtaja Shavu anazabwa kofi dogo la kushoto, na anayelipiga anasema amri ni amri. Wateja walizabwa, muuza vipuri alizabwa. Mama Gereji peke yake ndiye alisalimika, maana kila mtu ana mipaka ya ujinga. Bodi waliponiuliza... samahani, walipomuuliza yeye anamkubali nani, alisema hana televisheni, akarudi kwenye mlango wake. Lakini nyundo siku hizo ilikuwa inatua vibaya. Alitoboa bati mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea, akalitazama lile tundu kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu.

Jumamosi asubuhi alimfunga mzee tai. Mzee alikuwa amevaa suti ya rangi ya kahawa, imempwaya mabegani.

"Wameniita," mzee alisema. "Sijui nimeitwa kupewa au kujaza viti."

"Utapewa, Baba."

"Nikipewa, nisipopewa, nikitoka huko nitapita kazini kwako. Nataka wenzako wanijue. Umenificha vya kutosha, kama sufuria iliyotoboka."

Bodi aliona aibu mpaka miguuni. "Pita, Baba. Nitawaambia leo."

Na alikusudia. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipofika gerejini akayatafuna, akayameza, akaahirisha mpaka saa ya chai, kisha mpaka baada ya chai. Mchana Mama Gereji akaigeuza televisheni ya ofisini ikatazama nje dirishani, na wote wakakaa juu ya matairi. Bodi alisimama nyuma yao, mikono imejaa vumbi la bati.

Wakataja jina. Shavu.

Mama Gereji akapiga kigelegele. Umeme akasema si haba. Bodi alimwona baba yake akipanda ngazi za jukwaa polepole, ameshika ukingo, na kifua kikamjaa furaha ambayo hakuwahi kuijua. Akafungua mdomo. "Jamani," alisema, "nisikilizeni kidogo, yule mzee..."

Mshereheshaji akapaza sauti kwenye televisheni: "Mpigieni makofi!"

Aliyeshika tuzo ya kukabidhi alikuwa Afande. Kazeeka, tumbo limemtangulia, lakini kofia ni ile ile. Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Amesemaje? Mpigeni makofi?" Akautazama ukumbi. Ukumbi ulishaelewa, ukaanza kucheka. "Basi amri ni amri."

Herufi moja tu ilidondoka, na mzee wa watu akala kofi la mkono mzima. Safari hii hakuzunguka. Alianguka kama gunia, ubavu ukagonga ngazi, na miwani ikaruka. Watu wakasimama wakishangilia, wakidhani wamepewa mchezo wa mwisho kama zamani.

Rangi aliruka juu ya tairi. "Si nilisema? Afande ndiye! Kizee kile kimezaliwa kupigwa." Akageuka, mtu wa karibu naye alikuwa Bodi, na mkono ukaenda wenyewe kwa mazoea ya wiki nzima. Pwaa, shavu la kushoto. "Amri ni amri, kaka."

Bodi alimpiga kofi moja, na hilo moja lilitosha kumlaza. Lakini halikumtosha mwenyewe. Alimkalia kifuani. Akampiga ngumi ya mdomo, na jino likatoka likabaki limekwama kwenye ngozi ya kidole chake, akampiga nalo tena. Meno nje kweli kweli. Alisikia taya likilia chini ya ngumi, na nikwambie ukweli mchungu, alisikia raha. Alikuwa anampiga Rangi, anampiga Afande, anawapiga watoto wote wa ile foleni. Umeme alimrukia shingoni, akatupwa kwenye makopo ya rangi. Mama Gereji alimwita kwa jina la kazi, akamwita mwanangu, akampiga mgongoni kwa ufagio, ukavunjika. Rangi alikuwa hapigani tena. Alikuwa ameweka viganja usoni, na damu inapita katikati ya vidole inachirizika mpaka masikioni. Bodi akapapasa pembeni, akaikuta nyundo yake, akainyanyua.

Hapo ndipo sauti ya baba yake ikaja kutoka dirishani.

"Hapana, nipeni hicho kipaza sauti," mzee alikuwa anasema, akihema. "Nimeanguka vibaya, nisameheni. Sasa mnisikilize. Nina mtoto mmoja. Ana mikono mipana kuliko ya huyu bwana. Alipokuwa mdogo walimzaba makofi kila siku kwa ajili yangu, na angeweza kuwa muuaji. Aliniapia hatampiga mtu, na mpaka leo hajampiga. Yeye ni fundi wa bodi. Amenifundisha kwamba ukipiga lazima upande wa pili pawe na anayekinga, la sivyo unatoboa. Basi mimi nimekula makofi huku, mwenzangu amekinga kule. Mkiniuliza aliye bora katika *Meno Nje*, ni yeye, na hamjawahi kumwona. Mpigieni yeye makofi."

Ukumbi ukapiga makofi. Yalikuwa mengi, mazito, yalitoka dirishani na kuijaza gereji yote, na Bodi alikuwa amekaa juu ya mtu na nyundo hewani.

Mama Gereji ndiye aliyeitoa ile nyundo mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. "Yule ni baba yako," alisema. Hakuwa anauliza. Bodi akatikisa kichwa kukubali, akashuka kifuani pa Rangi.

Walimwinua Rangi, wakamkalisha, wakampa tambara. Alitema damu, akatazama televisheni, akamtazama Bodi. "Kaka," alisema, na neno likatoka limevimba, "si ungesema tu." Bodi alianza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu mzima asiyejua kulia. Mama Gereji akamwambia anawe mikono haraka, gari la kumpeleka Rangi hospitali linawashwa. Alisugua kwa sabuni ya magari, lakini lile tundu la jino kidoleni halikukubali kuziba.

Gari likagoma kuwaka nusu saa nzima, na teksi ikasimama langoni kabla hawajaondoka. Mzee akashuka na suti yake ya kahawa, tuzo kwapani, shavu la kushoto jekundu limeumuka. Alikuwa anacheka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekuja kutambulishwa.

"Hodi hapa," alisema. "Mwenye kijana mimi."

Mzee akaona makopo yaliyomwagika, akaona ufagio uliovunjika, akamwona Rangi.

Na Rangi, kwa mdomo ule ule uliowasha moto, akajaribu kuuzima. "Shikamoo, mzee," alisema. "Usiogope. Jeki imeteleza, gari likanigonga. Huyu kijana wako ndiye kaniokoa."

"Marahaba." Mzee alisogea. Aliinama, akamshika kidevu taratibu, akaligeuza shavu lake kwenye mwanga. Mistari minne ilikuwa imejichora pale, mipana, inaanzia kwenye taya mpaka chini ya jicho. Alimaliza miaka akitazama alama kama hizo kwenye kioo. "Pole, mwanangu," alimwambia Rangi. "Jeki haina vidole."

Akanyooka. Akaiweka tuzo juu ya tairi, kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Baba," Bodi alisema.

Mzee aligeuka akamtazama mwanawe. Kisha akatabasamu lile tabasamu la kwa majirani, akamgeuzia sikio la kushoto.