Nusu Kichwa

Siku kinyozi alipofungua kibanda chake, mama yake, matroni mstaafu aliyewahi kuwatoa madaktari jasho, aliingia, akatazama kiti, akatazama kioo, kisha akasema mbele ya wateja, "Nimesomesha mfamasia, nimepata mwokota nywele." Mwana akamfungulia mlango atoke. Miaka minne wakawa hawajuliani hali, na Matroni akawa anasema hajali, hasa kwa watu ambao hawakumuuliza.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimkumbuka mwanawe hadi chakula kikawa hakipiti. Kuomba radhi hakukujua, basi Jumamosi moja asubuhi akaenda kunyolewa, kama mteja. Akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake nyuma ya fundi bomba na mpiga picha.

"Karibu, mama. Tunanyoaje?" kinyozi akauliza, kama anavyomuuliza mteja yeyote.

"Zote. Na hiyo mashine ipige spiriti kwanza."

Akaipiga spiriti. Akanyoa upande wa kulia taratibu, mvi zikidondoka mapajani. Alipofika katikati ya utosi akazima mashine, akaiweka mezani, akavuta stuli, akakaa.

"Kuna neno ulilisema humu ndani," akasema. "Lifute, nimalizie."

Matroni akajitazama kiooni: kulia yai, kushoto kichaka. Akavua shuka alilofungwa shingoni, akakamata mkoba, akatoka kichwa juu. Hakwenda mbali. Muuza nyanya wa mlango wa pili alianza kumsalimia, akamwona vizuri, akajifunika uso kwa kapu.

Akarudi, akakaa. Fundi bomba na mpiga picha walikwisha kunyolewa zamani, lakini nani angeondoka?

"Nilikosea."

"Sikusikii. Mashine inapiga kelele."

Mashine ilikuwa mezani, kimya. Fundi bomba akakohoa. Machozi yakamtoka Matroni, naye akayaacha yatoke.

"Nilikosea, mwanangu! Kazi yako ni kazi. Upweke umenimaliza, siku hizi nabishana na redio."

Kinyozi akainuka, akawasha mashine. Mama akageuka kumtazama. Mwana akamfinya sikio, akamnyoosha kichwa, vilevile alivyofanyiwa yeye utotoni kila aliponyolewa jikoni.

"Tulia, Mama."

Matroni akatulia, wala hakuuliza kama mkono ule umeoshwa.