Nyasi za Boma

...na akitaka kuyageuza maneno atayageuza, nani wa kumzuia, Bwana Mkubwa, mzungu wa boma, hajui Kimaa, lugha yetu, hata cha kuombea maji, na Kiswahili cha Namnyaki ni cha sokoni, cha ndizi na maharage, moja mpaka kumi basi, kwa hiyo leo Lesikar mumewe yumo mdomoni mwa Simel mkalimani, kama punje mdomoni mwa kuku, na Simel yule pale barazani, kando ya meza, na kanzu yake nyeupe na kofia yake nyekundu, hamtazami, tangu asubuhi hajamtazama hata mara moja, na kwenye mstari amebaki mtu mmoja tu kabla ya Namnyaki, mzee Lemburis wa Sekei na shauri lake la mbuzi, kisha ni yeye... mtoto amelala mgongoni, alale, alale tu, asije akalia hapa. Jua limeshapanda juu ya Meru na ukuta mweupe wa boma unaumiza macho, ukuta mrefu wenye matundu ya bunduki, na mnara, na bendera inayopigapiga kama bawa la kuku aliyefungwa miguu, na chini ya ukuta, pale kivuli kilipokwisha kuondoka, amekaa Lesikar, mnyororo shingoni, yeye na wengine wawili, anatazama vidole vya miguu yake, inua macho basi, mume wangu, nione kama bado umo humo ndani... hainui. Hamsa ishirini, ndivyo askari wanavyosema, wanatamka kama jina la chakula, viboko ishirini na tano na kisha miezi sita kule Tanga kwenye reli, na waliokwenda relini kutoka kwao Olmotonyi walikuwa saba, waliorudi ni watatu, mmoja hana mguu, na kosa lenyewe, jamani, kosa lenyewe ni yeye Namnyaki kushindwa kuzaa kwa siku mbili, mkunga akasema mume aitwe, aje amtemee mkewe mate ya baraka tumboni, mtoto hatoki mpaka baba yake amkaribishe, na Lesikar alikuwa kwenye kazi ya barabara, kipande chake, kadi ya siku thelathini za kazi, hakijajaa, akafanya ambalo mwanamume yeyote wa Kiarusha angefanya, akamwita mwenziwe wa rika, mmoja wa wale waliotahiriwa naye msimu mmoja, akamkabidhi jembe na kipande, akamwambia kaa hapa uwe mimi, akaja mbio, akatema mate, mtoto akatoka. Siku tatu tu. Mwenzio wa rika akilima mahali pako umelima wewe, nani asiyejua, barabara haikupungukiwa hata jembe moja, lakini boma linasema huo ni uongo, boma linasema mtu mmoja, jina moja, kipande kimoja, aliyeazima jina lake ameidanganya serikali... na sasa akiulizwa, Simel anaweza kusema, huyu aliweka mtu wa rika lake na kwetu hiyo ni kazi iliyofanywa, au anaweza kusema, huyu alimficha mtu mwingine ndani ya jina lake, na yote mawili ni kweli, ndiyo ubaya wake, yote mawili ni kweli, ila moja lina reli ndani yake.

"Sogea, mwanangu, unaniwekea mgongo kama mlango," anasema Nkasiogi nyuma yake, mama mtu mzima anayewauzia askari maziwa na ambaye kila mwezi ana shauri la maziwa yake, na Namnyaki anasema "Niwie radhi, yeyo," kama anavyomwita mama yake mwenyewe, anasogea hatua moja, na hatua hiyo inamleta kwenye mawe, yale mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa mstari kama meno kuzunguka nyasi za Bwana Mkubwa, na nyasi zenyewe fupi, laini, zimekatwa na wafungwa kwa panga, hakuna anayekanyaga humo, mwezi jana mbuzi wa mtu aliruka mawe na jioni askari walimla... na hizi si nyasi ngeni, anazijua, ni zile zile zenye vifundo zinazotambaa chini, alipokuwa mtoto hapa palikuwa malisho ya ndama, hapakuwa na ukuta, kisha baba akabeba mawe na mama akapanda kutoka mto Themi na mitungi ya maji ya kukorogea chokaa, safari baada ya safari, na nyasi zikabaki pale pale, hakuna aliyeziambia kwamba sasa ni za serikali. Asubuhi alikuja na nyasi zake mwenyewe. Alizichuma kwenye umande kabla ya kufika mtoni, fumba moja, mbichi, kwa sababu mtu akishika nyasi mkononi huwezi kumpiga, huwezi kumkatalia msamaha, baba yake aliwahi kuinua fimbo juu ya kaka yake, kaka akang'oa nyasi akaziinua, na fimbo ya baba ikashuka polepole mpaka chini kama yenyewe imechoka, akazileta basi, akazishika mbele ya kifua, na askari wa langoni akampiga kwenye kifundo cha mkono, zikaanguka, "Tupa huko! Unamletea Bwana Mkubwa chakula cha ng'ombe?" na mwenzake akadakia, "Mwache, mwanamke wa watu kamwona Bwana amekonda!" wakacheka mpaka wakaegemea bunduki zao, naye akaingia mikono mitupu.

"Sikiliza, sikiliza yule," Nkasiogi ananong'ona na kucheka puani, "mzee Lemburis ameanza tangu bibi wa yule mbuzi alipozaliwa, ameeleza mvua, ameeleza chui, ameeleza shemeji, na mkalimani anasema nini? *Anasema mbuzi ni wake.* Maneno manne! Mengine kayameza." "Labda ndivyo wanavyotaka, yeyo." "Kwa maneno anayomeza, tumbo lake lingekuwa kubwa kama lile pipa," na Namnyaki anataka kucheka lakini kicheko kinakwama, maana ndivyo, ameona kwa macho yake, maneno yanaingia mengi kama ng'ombe jioni na yanatoka machache, na yapi yanatoka anachagua Simel. Jana alimpita langoni, akasimama. "Takwenya, mke wetu," alimwamkia, mke wetu, kama mtu wa rika anavyomwita mke wa mwenziwe, naye akaitikia "Iko," salamu haikataliwi, na Simel akasema, "Kesho utasema kwa mdomo wangu," kisha, akiwa amekwisha kugeuka, "Siku hizi maziwa yapo kwenu?" Maziwa. Hakusahau. Miaka minne na hakusahau. Alikuja mwisho wa kiangazi, ametoka Moshi kwa miguu, viatu vya boma amevishika mkononi, midomo imepasuka kwa kiu, naye ni rika moja na Lesikar, na mtu wa rika hupewa maziwa kabla hata ya kigoda, hakuna kuuliza, na Namnyaki alikuwa ametoka kukama, kibuyu kilikuwa bado na joto la ng'ombe, akakalia kitanda akakifunika kibuyu kwa ngozi yake, akasema, "Ng'ombe wamekauka, baba." Na nje ndama analia kambani. Na povu lilikuwa kwenye kifundo cha mkono wake, hakuliona mpaka alipoona macho ya Simel yametua hapo... "Sawa, mke wetu." Akakaa kidogo na kiu yake. Akauliza, "Mgongo wa baba yako unaendeleaje?" na hilo ndilo lililomwasha, mgongo wa baba, anathubutuje kuuliza mgongo wa baba, akamjibu, "Mwulize aliyeuhesabu," na Simel akainuka akaondoka, na Lesikar aliporudi na kuambiwa hakucheka, alisema tu "Ungempa," akatoka nje akakaa na ng'ombe hadi usiku.

Lakini nani asingefanya vile. Nani. Baba alipigwa hamsa ishirini hapa hapa, mbele ya mawe haya haya, kwa kukosa siku mbili za kazi ya daraja, akalazwa kifudifudi na askari wawili wakamkanyaga mikono, na Bwana Mkubwa wa wakati ule alikuwa anasoma barua yake barazani, hata hakutazama, na aliyesimama kuhesabu kwa sauti alikuwa Simel, kijana wa juzi, kofia mpya, na Namnyaki alifumba macho, hakuona kiboko hata kimoja, alisikia sauti tu, sauti ya Simel ikipanda kama ya mtu anayeita ng'ombe, maneno ya Kiswahili asiyoyajua hata moja, na yakakaa kichwani kama wimbo, mpaka leo akitwanga yanakuja, akichota maji yanakuja, anayafukuza, mwanzo wake aliujua baadaye sokoni, moja, mbili, tatu, akashtuka siku ile mpaka akamwaga maharage, na kuanzia kumi huko juu hakuwahi kuhitaji, hakutaka kujua... "Hesabu!" Bwana Mkubwa amegonga meza. Amechoka na mzee Lemburis. Wale mbuzi waliofungwa kwenye nguzo wahesabiwe, hawa ndio ishirini na wawili anaosema au siyo, na Simel anashuka ngazi na kanzu yake ameiinua kidogo, ananyosha kidole, na sauti ni ile ile, Mungu wangu, ni ile ile, "Moja! Mbili! Tatu!" na mtoto anashtuka, anajinyonga mgongoni, nyamaza, mama, nyamaza, "Tisa! Kumi! Kumi na moja! Kumi na mbili!" na kichwani wimbo unakwenda sambamba, neno kwa neno, kama ng'ombe wawili wa nira moja, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na saba... "Kumi na tatu!" anasema Simel. Hapana. Kumi na saba. Baada ya kumi na mbili ni kumi na saba, ndivyo wimbo ulivyo, miaka sita ameubeba, hajapoteza hata punje. "Kumi na nne! Kumi na tano! Kumi na sita!" Mbuzi mmoja anakohoa. "Kumi na saba!" Na hapo sasa nyimbo mbili zinakutana, zinakwenda pamoja tena, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, na Namnyaki amesimama na mdomo wazi na jua limempiga machoni.

Vidole. Baba alitumia vidole, alisema mpaka mwaka aliokufa, walimkanyaga mikono lakini vidole alivikunja udongoni kimoja kimoja, kwa hesabu yetu, na alisema ni ishirini na kimoja, si zaidi, na mama alimwambia, akimpaka mafuta ya kondoo, maumivu yamekupoteza, baba Namnyaki, wale watu hawamsamehei mtu hata kiboko kimoja, na baba akasema haya, labda yamenipoteza. Ishirini na kimoja. Viboko vinne. Simel aliviruka, akavimeza, mbele ya askari wenye bunduki, mbele ya Bwana Mkubwa aliyeweza kuinua macho wakati wowote kutoka kwenye barua, na kama angeinua wangemlaza Simel pale pale, na hakumwambia mtu, angemwambia nani, jambo kama hilo ukilisema linafika bomani kabla yako, ila siku moja alikuja na kiu yake, akakaa, akauliza mgongo unaendeleaje... akauliza mgongo, Namnyaki, alitaka kujua kama vinne vilisaidia, na wewe umekifunika kibuyu. Umekifunika kibuyu! "Wamepungua wawili," anasema Simel kwa Bwana Mkubwa, sauti kavu, na mzee Lemburis anaanza tena habari ya chui. Namnyaki tangu usiku wa manane amekuwa akipanga maneno ya kumwambia mzungu, maneno ya kuzaa, ya rika, ya mate ya baraka, ameyapanga kama kuni, na sasa anayaona hayana kazi, mzungu hata nyasi hazijui, angeziona chakula cha ng'ombe kama askari wake, mtu mmoja tu hapa uani anazijua, amekulia humo humo, mkono wake hauwezi kuinuka juu ya aliyezishika, wala ulimi wake... na huyo ndiye anayedaiwa radhi. Si Bwana Mkubwa. Na radhi haiombwi mikono mitupu.

Mawe meupe yako pembeni ya mguu wake wa kulia. Askari wa ngazini anakuna shingo, anatazama mbuzi. Namnyaki anainama, polepole, kama mwenye kukaza ngozi ya mtoto, mkono unapita juu ya jiwe, "Unafanya nini wewe," ananong'ona Nkasiogi, hacheki tena, "watakufunga na wewe, mwanangu, na huyo mtoto nitamnyonyesha mimi?" na vidole vimekwisha kuingia, nyasi ni baridi chini, zina maji bado huko chini, zinakataa kidogo kisha zinakuja na vifundo vyake na udongo, fumba moja, na harufu yake ni ya pua za ndama, ananyooka, anaziweka mbele ya kifua, ncha zinachomoza katikati ya vidole, hazifichi. Chini ya ukuta Lesikar ameinua macho. "Mzee anasema," Simel yuko katikati ya sentensi, "mzee anasema hao wawili waliliwa na... anasema wawili..." na sentensi inasimama, imekatika pale pale, kwa sababu macho yake, yaliyozunguka uwanja mzima tangu asubuhi bila kumgusa, yametua mkononi mwa Namnyaki, kama yalivyotua siku ile kwenye povu, na hayaondoki. "Anasema nini?" Bwana Mkubwa anauliza. "Mkalimani! Anasema nini?" "...Waliliwa na chui, Bwana." Kalamu inakwaruza. Askari amegeuka, anaona mwanamke amesogea kupita alama, ananyosha kiganja, "Wewe, subiri," na Namnyaki anasubiri, mtoto amelala, bendera inapigapiga, mbele yake bado ni mzee Lemburis, na maneno yote aliyoyapanga kama kuni yamemtoka, amebaki na matano tu, mepesi, ambayo Simel hatahitaji kuyatafsiri kwa mtu yeyote, siku ile, baba, maziwa yalikuwepo.