Ng'ombe wa Byabato Hawanywi Kimyakimya

Leonadi Rwegasira alikuwa amebakiza utepe mmoja tu, na kazi yake yote ilitegemea utepe huo.

Mwaka ule wa 1956 studio ya redio kule Dar es Salaam ilimkabidhi kinasa sauti, dude zito kama debe la maji, ikamtuma azunguke pwani akanase sauti za asili: mawimbi, ndege, mvua, vyura. Sharti lilikuwa moja, isisikike sauti ya mtu. Leonadi nusura aruke kwa furaha. Kabla ya hapo alikuwa akibeba makasha stoo, na mashine ile aliipenda tangu siku ya kwanza alipoambiwa aifute vumbi. Akaenda. Tanga upepo uliivamia maikrofoni hadi mawimbi yakasikika kama mtu anayechana magunia. Pangani alimpata ndege mzuri ajabu, na nyuma ya ndege mama mmoja akimwita Mwanahawa aje aoshe vyombo. Kilwa vyura walikuwa wamekolea kabisa pale muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe.

Mkuu wake alizisikiliza zote, kisha akavua miwani. "Leonadi, umeniletea watu watupu. Nakupa safari moja ya mwisho. Ukirudi na mtu tena, unarudi stoo."

Safari hiyo Leonadi aliijua itakwenda wapi. Sauti aliyokuwa akiitamani siku zote ni ya kwao Kaisho, huko Karagwe: ng'ombe wa baba yake mkubwa, Byabato, wale wenye pembe ndefu, wakinywa maji kisimani. Alikuwa akiisikia hata akiwa amelala Dar es Salaam. Basi akapanda treni, akapanda meli, akapanda lori, mashine mapajani njia nzima.

Asubuhi ya kwanza akajibanza kichakani karibu na kisima kuijaribu mashine, masikio ameyaziba kwa visikilizio. Sasa, Karagwe si Dar es Salaam. Huku mtu hapiti mbele ya mtu bila salamu, na salamu zenyewe si neno moja: umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje. Akapita mama mmoja, Kokuberwa, na mtungi wake, akaona miguu imetokeza kichakani.

"Oraire ota, Leonadi? Umelalaje, mwanangu?"

Leonadi, bila hata kugeuka, akaweka kidole mdomoni. Kokuberwa akautua mtungi, akarudi alikotoka mbio.

Kufika adhuhuri kijiji kizima kilishajua kwamba kijana wa Rwegasira amerudi na kinyongo na ukoo wake. Wazee wakaja kusuluhisha na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Katekista akaja kuomba, tena kwa sauti ya kanisani. Mama mkubwa Placidia, mke wa Byabato, alifika analia waziwazi. "Tumekukosea nini, mwanangu? Kama ni yule jogoo wako niliyemchinja ulipokuwa shule, sema yaishe!"

Leonadi alicheka mpaka visikilizio vikamvuka. Hapakuwa na la kufanya ila kwenda nyumba hadi nyumba kuwasalimia. Kila nyumba ilimpa matoke, na kukataa matoke kungeanzisha ugomvi mwingine. Jioni hakuweza kufunga mkanda.

Kesho yake waliahidi kukaa kimya. Wakatimiza, ila kijiji kizima kilikuja kukitazama hicho kimya. Leonadi akaivisha maikrofoni soksi ya sufu kuikinga na upepo, akaitega kando ya birika la udongo la kunyweshea ng'ombe. Byabato alikuwa ameshateka maji na kulijaza, anasafisha koo.

"Shikamoo, baba mkubwa. Leo usiimbe."

"Marahaba. Nisiimbe? Watakunywaje?"

Leonadi alikuwa amelisahau hilo. Tangu azaliwe hakuwahi kuona Byabato akiwanywesha ng'ombe bila kuwaimbia sifa zao, mmoja baada ya mwingine. "Watakunywa tu. Wana kiu. Nakuomba, mzee wangu, la sivyo wataninyang'anya mashine."

Byabato akaitazama mashine, akamtazama kijana, akaing'ata fimbo yake kwa meno ili mdomo usije ukamponyoka. Leonadi akauachia utepe.

Ng'ombe wakaja, pembe zikigongana. Bihogo, jike jekundu aliyekuwa kiongozi wao, akainamisha pua hadi majini, akaiinua, akamtazama Byabato. Wengine wote wakamtazama Byabato. Hakuna aliyekunywa hata tone. Bihogo akamwendea mzee, akamnusa, akamlamba kichwa chote kana kwamba mzee ni mgonjwa. Watu wakaziba midomo. Kisha akageukia maikrofoni, akaivua soksi taratibu na kuila. Katekista akakohoa kikohozi cha uongo, machozi yakimtoka.

Utepe ulikuwa umebaki kidogo tu. Byabato hakuweza zaidi. Akaitema fimbo, akaimba: "Bihogo, mwenye pembe zilizouzuia mwezi usipite! Kunywa, mama wa maziwa!"

Vichwa vyote vilivyolizunguka birika vikainama mara moja, na sauti ikaja, ile ile: mvuto mrefu, mzito, wa makoo mengi kwa pamoja. Leonadi alisisimka mwili mzima. Utepe ukaisha.

Wakataka kusikia. Leonadi akaurudisha utepe, akafungulia. Byabato alikuwa amefunga mdomo, lakini Byabato mwingine akaimba ndani ya kasha, na ng'ombe wa nyuma, waliokuwa hawajanywa, wakasogea wakainama wakaanza kunywa! Kijiji kikalipuka kwa vigelegele. Leonadi akarukaruka kwenye matope. Ng'ombe wananywa na hakuna mtu anayeimba! Akapeleka mkono kunasa, ukabaki hewani. Mashine ilikuwa moja, na ndiyo iliyokuwa ikiimba. Akakaa chini palepale penye tope, akacheka hadi mbavu zikamuuma, na ndani ya kicheko hicho moyo ukamuuma pia.

Byabato akachuchumaa karibu yake. "Hiyo sauti yangu inafutika?"

"Nikinasa juu yake, inapotea."

"Basi ifute, mwanangu. Kesho nitakaa mbali wasinione. Labda kiu itawashinda. Usirudi kubeba makasha kwa ajili yangu."

Leonadi aliitaka mashine ile kuliko kitu chochote duniani. Akashika kitufe. Lakini alipotafuta kichwani ile sauti ya utotoni, sauti aliyokuwa akilala nayo Dar es Salaam, akakuta mzee yumo. Alikuwamo siku zote. Akautoa utepe, akautia ndani ya shati.

"Sifuti," akasema.

Mkuu wa studio aliusikiliza, akavua miwani. "Na huyu ni nani?"

"Huyu asipokuwepo, hawanywi," akasema Leonadi, tayari akiwaza stoo.

Mkuu akausikiliza tena. Akausikiliza mara ya tatu amefumba macho. Mashine hawakumnyang'anya.

Krismasi Leonadi akapewa likizo, akampeleka Byabato hadi Murongo, dukani kwa Rwezaura palipokuwa na redio, wakasikilize utepe wao ukitangazwa. Mzee alikataa kwenda bila Bihogo, maana naye yumo kwenye kipindi. Duka likajaa watu. Mtangazaji akasema, "Sauti za asili. Ng'ombe wa Karagwe wakinywa maji," na wimbo ukaanza.

Jina la Byabato hakulitaja kabisa. Leonadi aliona aibu, akageuka kumwomba radhi.

Mzee alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, fimbo juu. "Mmesikia? Hawakusema kuna mtu! Wamenihesabu na ng'ombe wangu!"

Nje, Bihogo alikuwa ameshaingiza mdomo kwenye ndoo ya Rwezaura, anakunywa.