Aliyetangulia Kunywa Chai

Duka la Kagwe pale Thika limejengwa mahali tulipokuwa tukiuza nyanya. Vijana wanaoingia kununua mapazia hawajui hilo. Mimi najua, kwa sababu nilisimama na kipaza sauti mbele ya tingatinga siku ile lilipobomoa vibanda vyetu, na nikaapa sitakanyaga hapo. Kwa hivyo Tabby, binti wa marehemu dada yangu, aliponiambia Kagwe amempa kazi yake ya kwanza ya kutengeneza programu, nilinyamaza. Na kunyamaza si tabia yangu, muulize chifu yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akioa au akijifungua, anaandika kwa simu vyombo anavyotaka kutoka dukani, na jamaa wanagawana nani atanunua nini, ili asije akaletewa chupa tano za chai. Lakini kabla ya kuanza, Tabby alitakiwa azunguke akiuliza watu wangependa programu ifanye nini. Ijumaa akikosa la kumweleza Kagwe, kazi ingeenda kwa kampuni fulani ya Nairobi.

"Tata," akaniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita mimi, dada wa mama yake, "nipeleke kwa wale wamama wako."

Wamama wangu ni chama cha wanawake wa Kiuu. Tumelala seli moja kwa maandamano yetu, tumezikiana, tumepelekeana uji. Tabby akafungua laptop mapajani, akaanza na Maggie, ambaye alikuwa karibu kuolewa. Angependa kuandika vyombo gani? Maggie akaangalia sakafu, akasema yeye hahitaji kitu, chochote kitakacholetwa Mungu abariki. Mwenye mtoto mchanga naye hakuhitaji kitu. Hata Kavindu, mwenyekiti wetu, ambaye karai lake lina tundu lililozibwa kwa sabuni, alikuwa ametosheka kabisa. Tulipotoka hapo, laptop ilikuwa imejaa watu wasiokosa chochote duniani.

Niliwakemea mlangoni. Nyinyi mliomwambia mkubwa wa polisi afunge mdomo, leo mnaogopa kutaja sufuria?

"Pale tulikuwa tunadai," Kavindu akanijibu bila haraka. "Hapa mnataka tuombe."

Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani.

Kesho yake nikaenda Gitothua, kwenye chumba alichohamia Tabby majuzi, nimpe moyo. Alikuwa amevimba macho. Akasema atampigia Kagwe amwambie ameshindwa. Akanitengenezea chai hata hivyo, akanipa kikombe, yeye akanywea kopo la kuwekea mswaki. Nikanywa polepole.

"Tata, unaangalia nini?"

"Rafu yako."

"Hapana. Uko kazini, unakagua kitu."

Nikacheka, nikamweleza. Kabla chama hakijapeleka matega, yaani vile vitu tunavyombebea mzazi au bibi harusi, mmoja wetu hutangulia kwenda kusalimia. Hakuna anayesema ametumwa. Anakunywa chai, macho yanatembea jikoni. Na mwenye nyumba anajua vizuri kilichomleta, ndiyo maana anaacha mlango wa jikoni wazi.

Tabby alikuwa ameshavuta laptop. "Kwa hivyo mwenye sherehe haandiki?"

"Aandike yeye ni ombaomba?"

"Anaandika aliyekunywa chai." Akaandika hilo. Kisha akanihoji kama polisi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatabasamu. Mwenye sherehe anaiona orodha? Haioni, mpaka siku ya kuletewa. Kila zawadi ina jina la aliyeitoa? Haina, zote zinaingia kwa jina la chama, asije mwenye kijiko akaona aibu mbele ya mwenye jiko la gesi. Na wakitangulia wawili, wakaona mapungufu tofauti? Wanabishana, nikamwambia, wape mahali pa kubishana. Chai yangu ikapoa.

Jioni akatutumia kwa simu, mimi na wamama wa chama, kurasa alizokwisha kuunganisha, tuzijaribu. Ijumaa akaniomba nimsindikize kwa Kagwe, kwa sababu bila mimi hataaminika.

Nilisimama mlangoni kidogo. Halafu nikakanyaga. Vigae vyao vinateleza.

Kagwe ni mzee sasa. Akanikazia macho. "Mama, si wewe ndiye yule wa kipaza sauti?"

"Ndiye."

"Karibu basi."

"Hapa ni kwangu," nikasema. "Mimi ndiye wa kukukaribisha."

Akasugua kidevu, akanivutia kiti. Tabby akaeleza. Kagwe hakuridhika. Mtu asiyeandika anachotaka atapataje anachotaka? Na nani atatumia kitu kama hicho? Tabby akafungua kurasa zake amwonyeshe, akainama karibu na kioo.

Mlikuwa na jina moja ndani: Tabby wa Gitothua, kuhamia nyumba. Vikombe. Sufuria yenye kifuniko. Jiko la gesi. Nilikuwa nimeviandika asubuhi, na wamama wa Kiuu walikuwa wameshagawana nani anunue kipi. Mwenye sherehe hakutakiwa kuona, lakini ungemficha vipi fundi mwenyewe?

Tabby akafunika uso. "Tata, mimi sihitaji kitu."

Kagwe akamtazama, akanitazama mimi. "Wote husema hivyo?"

"Wote."

Akamwambia aendelee na kazi, amletee ikiwa tayari.

Nikauliza sufuria ziko wapi. Nilipoelekezwa, nikachagua moja, nikaigonga kwa kidole nisikie uzito. Zilikuwa zimepangwa karibu kabisa na mahali meza yangu ya nyanya ilipokuwa. Nikamwambia Kagwe hii ina mkwaruzo, alete nyingine.